Kanda Zetu za Video na Majina Yaliyomo

Hotuba ya Kamati ya Kumbukumbu, ya kusomwa ukumbini baada ya Misa ya Jubilei





Tumepewa dakika 20, na mama wa jikoni wametuma ujumbe kwamba pilau haisubiri hotuba. Kwa hiyo hatutasimulia historia yote ya kwaya. Imeandikwa kurasa za mbele za kijitabu hiki. Sisi tuna jambo moja tu, nalo ni kanda za video.

Mwaka jana, kwaya ilipoanza kujitayarisha kwa miaka 50, tulitumwa kutafuta picha za zamani. Tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Tulipita jumuiya kwa jumuiya tukiomba albamu. Picha tulipata, lakini chache, na nyingi ni ile ile: kwaya imesimama mistari mitatu mbele ya kanisa la zamani la mabati, mikono nyuma, hakuna anayecheka. Kisha mama mmoja, mjane wa aliyekuwa mwenyekiti wetu, akatuambia, "Picha sina, wanangu. Lakini chini ya kitanda liko boksi la marehemu. Sijui kama litawafaa." Tukalivuta. Lilikuwa boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani mlikuwa na kanda 14 za video. Habari zilipoenea, kanda nyingine zikaanza kuja: moja kutoka juu ya kabati, nyingine kutoka stoo ya sakristia, nne kutoka kwa katekista mstaafu. Mwisho tulihesabu 31.

Kwa nyinyi vijana mliozikuta simu tayari zinapiga video, kanda hizi zinaitwa VHS. Kampuni ya JVC ya Japani ilizitoa mwaka 1976, na hapa kwetu zilienea miaka ya 80 na 90. Ndani ya ile sanduku nyeusi ya plastiki kuna utepe mrefu wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikwa na gundi. Picha na sauti ni mpangilio wa sumaku katika chembe hizo, basi. Gundi ikizeeka, chembe hubanduka, na kilichobanduka hakirudi. Hapa Pwani tuna adui wawili zaidi, joto na unyevu. Tulipofungua lile boksi, harufu ya ukungu ilitupiga usoni kabla hatujasoma lebo hata moja.

Sasa tukiri kosa letu la kwanza, ili nanyi msilirudie. Siku ile ile, kwa furaha, tulichukua kanda ya juu kabisa tukaitia kwenye deki ya zamani ya mmoja wetu. Ilicheza kama dakika mbili. Kisha ikasikika sauti kama ya mtu anayekunja karatasi, picha ikafa, na deki ikaukataa mkono wetu. Tulipoitoa kanda, utepe ulikuwa umetafunwa. Tulipoteza kama dakika nne za Jumapili ya Matawi, na ukungu wa kanda ile ukabaki ndani ya deki ukisubiri kanda inayofuata.

Fundi wa redio tuliyempelekea alitutazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. Akatueleza. Ndani ya deki kuna pipa dogo la chuma lenye vichwa vya kusomea, nalo huzunguka mara 25 kila sekunde huku utepe ukipita ukiwa umelizunguka. Vichwa hivyo husoma mistari iliyolala mshazari. Punje moja ya uchafu ikiingia kati, vichwa havioni kitu. Utepe wenye ukungu unaouona kama unga mweupe pembeni usichezwe kabisa. Kwanza ukaushwe mahali penye hewa, kisha usafishwe polepole kwa deki ambayo umeikubali kuwa ya kuchafuka, na anayesafisha afunike pua na mdomo. Fundi alifungua kanda zetu zenye hali mbaya, skrubu tano kila moja, akazihamishia utepe wake kwenye maganda safi. Uliokatika aliunga kwa gundi maalumu ya utepe. Mmoja wetu alikuwa amekuja na selotepu ya ofisini. Aliambiwa airudishe mfukoni, kwa sababu gundi yake huvuja na kuharibu vichwa.

Deki yenyewe ilikuwa tatizo. Hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho kuziunda duniani, Funai ya Japani, ilisimama mwezi Julai 2016. Zilizobaki ni za mitumba, na kila inayokufa hupunguza hesabu. Wataalamu wa dunia wa kuhifadhi sauti na picha, kupitia chama chao cha IASA na kwa msaada wa UNESCO, wamekuwa wakionya kwamba karibu na mwaka 2025 mashine nzima na mafundi wake wangekuwa wamekuwa adimu mno. Kwa hiyo hata kanda iliyo nzima kabisa kabatini mwako inaweza kuwa bubu kwa kukosa kinywa. Tulinunua deki mbili za mitumba ili moja ikifa iwe vipuri vya mwenzake, na ndivyo ilivyotokea.

Wengine mtauliza: mbona tusingezipeleka dukani wakatufanyia? Tuliwahi. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, kamati iliyotutangulia ilipeleka kanda tatu kwenye duka moja mjini, likawapa DVD tatu zenye majalada mazuri ya rangi. Kanda zenyewe hazikurudi. Waliambiwa hazina kazi tena. Leo DVD mbili kati ya hizo hazifunguki. Hatulitaji duka hilo, kwa sababu lawama ni yetu pia: tulikubali kwamba ukishapata nakala, asili ni takataka. Kanda zote 31 tumeziweka, hata zilizokwisha kunakiliwa.

Kazi yenyewe ya kuhamisha si ngumu, ni ndefu. Kutoka kwenye deki kunatoka waya wa njano wa picha, na mweupe na mwekundu wa sauti. Huingia kwenye kifaa kidogo kinachogeuza mawimbi kuwa tarakimu, nacho huingia kwenye kompyuta. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, na lazima mtu aketi pale. Stima ikipotea katikati, unarudi mwanzo. Kanda moja iliyotumwa na ndugu yetu aliyekuwa masomoni Marekani ilitoka bila rangi, picha ikipanda kama pazia linalovutwa, hadi fundi alipokumbuka kwamba Marekani walitumia mfumo wa NTSC na sisi PAL, akabadilisha.

Tulihifadhi mafaili makubwa, kama GB 13 kwa kila saa moja ya kanda. Vijana wetu wa kompyuta walilalamika kwamba ni mzigo, wakataka tuyabane tangu mwanzo. Tulikataa. Saa 70 hivi tulizo nazo zinaenea kwenye diski moja ya TB 1, na ukishabana picha huwezi kuirudisha unono wake. Nakala nyepesi za kutazama kwenye simu zimetengenezwa pia, lakini zimetokana na zile nzito. Na tuliacha umbo la picha kama lilivyokuwa, karibu mraba. Ukiinyoosha ijaze televisheni ya siku hizi, kwaya nzima inanenepa, na mama zetu wa sauti ya kwanza hawakulifurahia hilo hata kidogo.

Jambo jingine lililotugawa lilikuwa programu za simu zinazosafisha sura. Kijana mmoja, kwa nia njema, alichukua picha ya mama mmoja wa mwaka 1993, yenye ukungu na chengachenga, akairudisha baada ya dakika tano ikiwa inang'aa kama ya jana. Ngozi laini, meno meupe, macho makubwa. Tukampelekea binti wa yule mama. Aliitazama kwa muda akasema, "Ni mzuri. Lakini huyu si mama." Na ni kweli: pale ambapo kanda haikuwa na kitu, programu ilibuni. Tangu siku ile kamati imeamua kwamba chengachenga zibaki.

Mtu yeyote anayeanza kazi hii atajiuliza aanze na kanda ipi. Sisi wote tulitaka kuanza na ile iliyoandikwa "PAPA 1985". Wazee mnakumbuka: Agosti ya mwaka ule Kongamano la 43 la Kimataifa la Ekaristi lilifanyika Nairobi, akaja Papa Yohane Paulo wa Pili, na baadhi ya wanakwaya wetu walipanda treni ya usiku kutoka Mombasa kwenda kumwona. Kanda ile ilirekodiwa nyumbani kutoka televisheni ya Voice of Kenya. Ni hazina kwa aliyeirekodi. Lakini Papa alipigwa picha na dunia nzima. Picha zake ziko Roma na kwingine kwingi. Misa ya usiku wa Krismasi katika kanisa letu la mabati ilipigwa na mtu mmoja, kwa kamera moja ya kubeba begani, na iko kwenye kanda moja. Kwa hiyo Papa tulimweka mwisho wa foleni. Tunaamini angetuelewa.

Sasa tuje kwenye kanda iliyotuchekesha na kutuumiza kwa pamoja. Lebo yake imeandikwa kwa mkono wa marehemu mwalimu wetu wa kwanza, herufi kubwa: PASAKA 1990. USIFUTE. Tulijua kutoka kwa wazee kwamba Pasaka ile kwaya iliimba Misa nzima iliyotungwa na mwalimu mwenyewe. Tukakusanyika, wazee wakaketi mbele. Kanda ikaanza. Maandamano yanaingia, mashemasi, ubani, mwalimu anaonekana mgongo na mikono yake miwili hewani. Utukufu unaanza. Kengele zinalia. Halafu picha ikaruka, na tukajikuta Naples, Italia: Kameruni na Uingereza, robo fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 1 Julai.

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Wazee wawili walisahau shida zao wakaanza kumshangilia Roger Milla upya. Kameruni wakaongoza 2 kwa 1, kisha penalti zile mbili za Lineker, na mechi ikaisha 3 kwa 2 kama ilivyoisha wakati ule. Tuliacha kanda iendelee tukitumaini kwamba baada ya mpira Pasaka itarudi. Haikurudi. Baada ya mpira kulikuwa na taarifa ya habari, kisha chenga tupu mpaka mwisho.

Pembeni mwa kila kanda kuna kijiplastiki kidogo. Ukikivunja, deki haiwezi tena kurekodi juu yake. Mwalimu aliandika USIFUTE lakini hakukivunja. Aliyerekodi mpira yuko nasi hapa, amekiri, na ametuomba tusimtaje. Hatumtaji. Alitwambia kwamba mwaka ule kanda tupu ilikuwa ghali, Afrika ilikuwa robo fainali kwa mara ya kwanza, na alidhani mwalimu ana nakala nyingine. Mwalimu naye, tunafikiri, alidhani nakala ni hiyo. Tukiwa wakweli, nani kati yetu angeacha kuirekodi mechi ile?

Kutoka Misa ile ya mwalimu tulibaki na wimbo mmoja tu unaoimbwa hadi leo, ule wa matoleo. Daftari lake la solfa lililiwa na mchwa, kwa hiyo wimbo huo umetufikia kwa mdomo: sauti ya kwanza na besi kamili, alto na tena za kubahatisha, na beti mbili. Wazee walikuwa wakisema zilikuwa beti tatu. Hakuna aliyeikumbuka ya tatu.

Katika kanda za katekista kulikuwa na moja isiyo na lebo. Ilikuwa imelala ubavu, karibu na spika kubwa, kwa muda usiojulikana. (Kanda husimamishwa wima kama kitabu, na huwekwa mbali na spika, kwa sababu spika ina sumaku.) Tulipoicheza, picha ilikuwa theluji tupu. Tulikuwa karibu kuitoa, fundi akatuzuia mkono. "Ngojeni. Sikilizeni." Katika kanda za VHS, alitueleza, sauti ya kawaida haiko pamoja na picha. Imeandikwa peke yake ukingoni mwa utepe na husomwa na kichwa kingine kisichozunguka. Picha inaweza kufa sauti ikabaki. Na kweli, nyuma ya ile theluji palikuwa na mtu anakohoa, kiti kinavutwa, mtoto analia, na kinanda kikatoa sauti. Ulikuwa wimbo wa matoleo.

Hakuna sura hata moja inayoonekana. Tulisikia ubeti wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

Tukampelekea mama yetu mmoja wa sauti ya pili, aliyeanza na kwaya siku ya kwanza. Hatoki nyumbani siku hizi. Tulimvalisha spika za masikioni, akafumba macho. Kwanza alianza kuwataja: "Huyo ni mke wa katekista. Huyo wa juu sana ni dada yake fulani, alikuwa hashiki pumzi. Huyo ni mimi." Alitaja watu tisa kwa sauti zao, bila kuona chochote. Kisha akavua spika akatutazama kwa ukali kidogo.

"Nyinyi huwa mnaimba vipi pale mwisho wa kiitikio?"

Tukamwimbia, alto tunavyoiimba.

"Mnapanda?"

"Ndiyo, Bibi. Tunapanda hadi la."

"Sisi tulishuka. Fa. Mwalimu alisema pale ndipo unapoweka kikapu chini mbele ya altare, sasa nyinyi mnapanda mnakwenda wapi nacho?"

Tulirudi kwenye kanda, tukapunguza mwendo, tukasikiliza sauti ya pili peke yake mara nyingi kadiri ilivyowezekana. Bibi yuko sahihi. Tumekuwa tukipanda zaidi ya miaka ishirini.

Habari hiyo haikupokelewa na kila mtu kwa vigelegele. Wapo wanakwaya wazuri, wenye masikio kuliko sisi, wanaosema kwamba wimbo hukua, na kwamba alto ya sasa imekuwa yetu vilevile. Kamati haikukubaliana, na Baba Paroko alipoulizwa alisema yeye ni tena. Uamuzi wa mwalimu wetu wa sasa ni kwamba leo wimbo uimbwe kama ulivyo kwenye kanda, na ubeti wa tatu ukiwamo. Kama mambo yamekwenda tulivyopanga, mmeusikia asubuhi hii. Waliopanda kwa mazoea tumewasikia pia.

Wimbo huo sasa umeandikwa kwa solfa, sauti zote nne, na nakala yake iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki.

Baada ya siku ile kwa Bibi, tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Mwanzoni tulikuwa tukishindana na ukungu. Tuliona kuwa kuna kinachokwisha haraka kuliko utepe, nao ni watu wanaoweza kusema huyu ni nani. Kompyuta inatunza uso, haijui jina lake. Basi kila Jumamosi baada ya mazoezi tulitandaza shuka jeupe ukutani hapa ukumbini, tukaonyesha kanda moja, na wazee wakataja majina huku mmoja wetu akiandika dakika na sekunde ya kila uso. Saa moja ya kanda ilituchukua Jumamosi mbili, kwa sababu kila jina lina hadithi, na hadithi ina ubishi. Nani alioa nani, nani alihama na kazi ya bandari, nani aliyeshona zile sare za zambarau zilizochuja rangi siku ya kwanza ya mvua. Chai ilinyweka nyingi.

Mmoja wa wazee hao, besi wa tangu mwanzo, ndiye aliyekuwa na kumbukumbu kuliko wote. Alijua hata waliokuja kwaya mwezi mmoja wakaacha. Alitufanyia kanda mbili, akatwambia tupumzike wakati wa Kwaresima, tutaendelea baada ya Pasaka. Alifariki wiki ya pili baada ya Pasaka. Katika kanda zilizobaki kuna nyuso ambazo ni yeye tu angeweza kuzitaja. Tumeandika "hajulikani" mara 43. Mmoja ni mvulana wa miaka kumi hivi, anapiga ngoma katika Krismasi tatu mfululizo, anapiga vizuri sana, na hakuna anayejua ni mtoto wa nani.

Kuhusu nani atatazama nini, tumeweka utaratibu, na tunaomba uheshimiwe. Katika kanda zetu zipo harusi na mazishi ya watu. Familia moja ilituomba kanda ya mazishi ya baba yao isionyeshwe wala kuwekwa kwenye mtandao. Tuliwapa kanda yao pamoja na nakala, tukafuta yetu. Hakuna kipande kitakachopakiwa YouTube au kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la parokia bila wahusika, au watoto wao, kukubali. Wapo walioondoka kwenye kwaya kwa uchungu. Wapo waliohamia makanisa mengine. Wao pia ni wenye kanda hizi.

Mafaili yako mahali patatu. Diski moja iko ofisi ya parokia ndani ya kabati la chuma, ya pili kwa mwanakwaya wetu anayeishi Nairobi ili moto au mafuriko ya hapa yasiikute, na ya tatu imewekwa mtandaoni kwa nenosiri lililo na watu watatu. Diski nazo hufa, tena ghafla kuliko kanda. Kila Januari zitafunguliwa na kukaguliwa, na baada ya miaka michache zitahamishiwa kwenye mpya. Tumeomba kwaya iteue mtu wa kazi hiyo kila mwaka, kama inavyoteua mweka hazina. Kila faili limepewa jina kwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha tukio, ili atakayekuja baada yetu asihitaji kutupigia simu.

Tunashukuru halmashauri kwa fedha za diski, na Mama wa Kikatoliki kwa chai na mandazi ya Jumamosi zote zile. Fundi wetu alikataa kulipwa akisema yeye ni Mwislamu lakini wimbo ule umemkaa kichwani. Yuko meza ya pale mbele. Asante, Fundi.

Tumebakiwa na dakika chache, na tuna maombi mawili.

La kwanza. Kama nyumbani kwako iko kanda, hata isiyo na lebo, hata unayodhani ni ya sinema ya Kihindi, usiijaribu kwenye deki yoyote na usiitupe. Ilete kama ilivyo. Kama ni kanda ya asili iliyotoka kwenye kamera ya mpiga picha, ilete hata kama sisi tuna nakala, kwa sababu kila nakala ya kanda hupunguza picha, na nyingi tulizo nazo ni nakala ya nakala. Utarudishiwa kanda yako pamoja na faili lake, kwa risiti iliyotiwa sahihi. Na tunatafuta kwa namna ya pekee Pasaka ya 1990. Mwalimu alisemekana kumpa mtu mmoja nakala aende nayo bara. Kama ni wewe, au baba yako, tafadhali.

La pili. Mchana huu, mkishakula, ule ukuta wa upande wa bahari utaonyesha nyuso zile 43, moja baada ya nyingine, kila mmoja kwa nusu dakika. Vijana wawili wameketi hapo na daftari na kalamu. Ukimjua mtu, nenda useme jina lake, hata kama huna uhakika, hata kama unakumbuka jina la utani tu. Mvulana wa ngoma ni wa mwisho katika mzunguko, na atarudi kila baada ya dakika 22.

Tumsifu Yesu Kristu.